Haki ya Msikilizaji

Je, mtu aliyeitwa na Mungu ana haja ya kusoma theolojia? Swali hili ni la zamani, na katika makanisa yetu ya Afrika Mashariki bado linachoma. Wanaosema hana haja hujibu kwamba wito unatosha: Roho ndiye mwalimu, na miaka mitatu ya chuo ni miaka mitatu ya kuwaacha watu bila neno. Wanaosema anayo haja mara nyingi hutaja heshima: mchungaji asiye na shahada atadharauliwa na waumini waliosoma, hatapewa nafasi dayosisini, hataweza kusimama mbele ya wakubwa. Pande hizi hubishana vikali, kumbe zote zinamtazama mtu yule yule, yaani mhubiri. Mimi naona wa kutazamwa kwanza ni anayesikiliza: mjane anayeuliza mumewe yuko wapi sasa, binti aliyerudishwa kwao kwa sababu hajazaa, mgonjwa anayetaka kujua kama imani inamruhusu kuendelea na dawa. Hao ndio watakaoishi na matokeo ya neno litakalosemwa. Ndiyo maana ninashikilia kwamba mafunzo ya theolojia ni haki ya anayehudumiwa, na mtu anayeyafuata anakwenda kujiandaa kulipa deni kwa watu ambao pengine hajawajua bado.

Haki hiyo inatokana na namna kazi yenyewe ilivyo. Fundi akikosea mlango, mwenye nyumba ataona haufungi na atamwita arudi. Mchungaji akikosea, aliyeumizwa mara nyingi hajui kwamba ameumizwa. Anadhani amesikia sauti ya Mungu. Na kwa kawaida mchungaji huitwa saa ambayo watu hawana nguvu ya kupima chochote. Mzazi aliyetoka kumzika mtoto, akiambiwa kwamba kifo kile kimeletwa na dhambi yake, hataanza kudai ushahidi wa maandiko. Ataibeba kauli hiyo miaka yote, na huenda akaifia. Biblia yenyewe inalijua jambo hili. Marafiki watatu wa Ayubu walitoka mbali kwa ajili yake. Walilia, walirarua mavazi yao, wakakaa chini pamoja naye siku saba mchana na usiku bila kusema neno. Upendo wao siwezi kuutilia shaka, wala imani yao. Kilichokosekana kilikuwa mafundisho: walikuwa na theolojia moja tu, kwamba anayeteseka ametenda uovu, na walipofungua vinywa waliigeuza faraja kuwa mashtaka. Mwishoni mwa kitabu Mungu anamkasirikia Elifazi na wenzake wawili kwa sababu hawakunena yaliyo sawa juu yake. Anayedhani kwamba moyo mwema unatosha kwa huduma akisome tena kitabu hicho, maana ni kitabu kizima kuhusu watu wenye moyo mwema waliomtesa mgonjwa kwa fundisho baya.

Upande wa pili wa ushahidi uko katika Matendo ya Mitume, sura ya 18. Apolo wa Aleksandria anafika Efeso. Luka anamsifu: ni msemaji hodari, anayajua maandiko, roho yake inawaka, na anayofundisha kuhusu Yesu ni sahihi. Angekuwa leo, tungemjengea jukwaa kabla ya Jumapili. Lakini alijua ubatizo wa Yohana tu. Prisila na Akila walimsikia, wakamchukua, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Hawakumnyamazisha wala kumwaibisha mbele ya sinagogi, na yeye hakukataa kufundishwa na mume na mke waliokuwa mafundi wa mahema. Kinachonivutia zaidi ni jinsi Luka anavyoyapima mafunzo hayo. Hasemi kwamba Apolo alipanda cheo. Anasema kwamba alipovuka kwenda Akaya aliwasaidia sana walioamini kule. Mafunzo yalifanyika Efeso, na mavuno yake yakaonekana ng'ambo, kwa watu waliokuwa hawajui hata kwamba mhubiri wao alipata kukaa chini akafundishwa.

Wapinzani wa masomo nao wana maandiko yao, na yanastahili kujibiwa kwa uzito. La kwanza ni kwamba Petro na Yohana walionekana mbele ya Baraza kuwa watu wasio na elimu. Ni kweli, lakini aya hiyo hiyo inaendelea kusema kwamba wazee walitambua kuwa watu hao walikuwa pamoja na Yesu. Hawakupita shule za marabi; walikuwa wametembea, wamekula na kulala na Mwalimu, wakimuuliza maana ya mifano na kukemewa walipoelewa vibaya. Hayo ni mafunzo ya bweni kwa maana kamili. La pili ni agizo la Mathayo 10 la kutohangaika juu ya la kusema kwa kuwa tutapewa saa ile ile. Agizo hilo linawahusu waliokamatwa na kupelekwa mbele ya maliwali na wafalme, watu ambao hawakupewa nafasi ya kujiandaa. Kulitumia kuhalalisha mahubiri yaliyotungwa njiani kuelekea ibadani ni kuwanyang'anya wafungwa ahadi yao. La tatu, andiko kwamba herufi huua, linatoka katika Wakorintho wa Pili ambapo Paulo analinganisha agano la mbao za mawe na agano la Roho. Hapo hazungumzii kusoma vitabu. Paulo huyo huyo alihojiana na watu kila siku katika darasa la Tirano kwa miaka miwili, na barua yake ya mwisho kwa Timotheo inaomba aletewe vitabu gerezani. Nimeyajibu haya kwa urefu kidogo kwa makusudi. Kila pingamizi limejibiwa kwa kuuliza nani aliambiwa, wapi, na kwa sababu gani, na kuuliza hivyo kwa uaminifu ndiyo kazi kubwa ya chuo cha theolojia. Aya ikichomolewa mahali pake huweza kusema chochote, na anayelipa gharama ni aliyeketi kwenye benchi.

Historia ya ukanda wetu inaonyesha kwamba walioanza kazi hii waliliona deni hilo. Huko Kiungani, Unguja, misheni ya Kianglikana ya UMCA iliwasomesha vijana waliokombolewa kutoka utumwani. Mmoja wao, Cecil Majaliwa, alipewa upadri mwaka 1890 na kutumika Chitangali, kusini mwa Tanzania ya leo, kati ya Wayao wenzake. Chuo kilichoanzishwa mwaka 1903 katika makazi ya watumwa huru ya Freretown, Mombasa, kilihamia Limuru mwaka 1930 na leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's. Uganda, Askofu Mfaransa Henri Streicher alisisitiza kwamba Waafrika wapewe malezi yote ya kipadri bila kupunguziwa, na mwaka 1913 mapadri wawili wa kwanza Waganda wakawekwa wakfu. Ilichukua miaka mingi, na wapo walioona ni mingi mno. Lakini kuwapunguzia masomo kungekuwa na maana moja tu: kwamba Waganda waliokuwa wakisubiri mapadri hao hawakustahili kilichostahiliwa na Wafaransa. Laurean Rugambwa, aliyesomea katika seminari ya Katigondo na kuwa kardinali wa kwanza Mwafrika katika zama hizi mwaka 1960, ni tunda la uamuzi huo.

Sasa nije kwenye pingamizi lililo gumu kuliko yote, kwa sababu halitoki kwenye aya iliyosomwa vibaya. Linatoka kwenye damu. Rwanda ya mwaka 1994, mwaka wa mauaji ya kimbari, ilikuwa nchi ya seminari, vyuo vya Biblia na mapadri waliosoma. Athanase Seromba alikuwa padri aliyepita malezi yote hayo. Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani kwa sehemu yake katika kubomolewa kwa kanisa la Nyange kwa tingatinga, huku Watutsi wapatao 1,500 waliokimbilia humo wakiwa ndani, na mwaka 2008 adhabu yake ikawa kifungo cha maisha. Elizaphan Ntakirutimana, mchungaji wa Kiadventista, alihukumiwa na mahakama hiyo hiyo mwaka 2003. Huko Kanungu, Uganda, Machi 2000, mamia walikufa mikononi mwa kundi lililojiita la kurejesha Amri Kumi za Mungu, na miongoni mwa viongozi wake alikuwemo Dominic Kataribabo, padri aliyesoma hadi Marekani. Baada ya hayo, nani atathubutu kusema kwamba chuo ndicho dawa?

Sithubutu, na sitaki kulipunguza uzito jambo hili kwa kusema kwamba hao walikuwa wachache. Linatulazimisha kusema wazi kitu ambacho watetezi wa elimu hukipitia haraka: cheti hakimfanyi mtu kuwa mwema, na maarifa yanaweza kumpa mwovu lugha nzuri zaidi. Paulo alikwisha onya kwamba ujuzi huleta majivuno. Lakini tazama kwa makini nini kilitokea Nyange na Kanungu, na tena katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ambako tangu Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400, mingi ikiwa ya watu waliokufa kwa njaa wakimtii mhubiri wao. Viongozi wa sehemu hizo walitofautiana sana kwa elimu. Waliofuata ndio waliofanana: watu waliokuwa wamefundishwa, kwa muda mrefu, kwamba kumhoji mtumishi ni kumhoji Mungu. Waliokwenda kanisani Nyange walimwamini padri kwa sababu tu alikuwa padri. Waliouza mali zao wakaingia msituni Shakahola hawakuwa wajinga wote. Wapo waliokuwa na ajira na shule. Walichonyimwa ni uwezo wa kupima neno la kidini kwa vipimo vya kidini, na hakuna elimu nyingine inayoweza kuziba pengo hilo.

Kwa hiyo mifano hii hainiondoi kwenye hoja yangu, inaninolea makali. Nilisema mafunzo ni haki ya msikilizaji. Ikiwa ni haki yake, basi lazima yamfikie, maana yakiishia kichwani mwa mchungaji, umbali kati ya mimbari na benchi unaongezeka, na umbali huo ndio mlango ambao mwovu hupitia. Watu wa Beroya walisifiwa kwa kuchunguza maandiko kila siku waone kama aliyosema Paulo yalikuwa kweli. Na Paulo, mtume, hakuona kwamba amevunjiwa heshima. Kipimo ninachokipendekeza kwa chuo chochote cha theolojia ni hiki: baada ya mhitimu wake kukaa miaka mitano mahali, je, waumini wake wanaweza kumuuliza maswali magumu na kumwambia kwa adabu kwamba hapa mchungaji umekosea? Kama hawawezi, tumemsomesha mtu mmoja tukawaacha mamia gizani.

Kipimo hiki kinanifanya nisite mbele ya njia ya mkato ya serikali. Rwanda, kwa sheria ya mwaka 2018, ilidai kiongozi wa kanisa awe na shahada ya masomo ya dini, au shahada nyingine pamoja na cheti cha masomo hayo, na waliokuwa kazini wakapewa miaka mitano kutimiza. Kenya ilipendekeza kanuni za aina hiyo mapema 2016, makanisa yakapiga kelele, zikaondolewa. Naielewa hofu iliyozaa sheria hizi, na serikali ina wajibu wote wa kukagua majengo, kufuatilia fedha na kumshtaki anayeua kwa jina la dini. Lakini serikali inaweza kuhesabu shahada tu; haiwezi kuona kama mwenye shahada anajua kukaa na mfiwa. Seromba angepita mtihani huo bila shida, na Prisila angeshindwa. Hata hivyo makanisa yanayopinga kanuni za serikali bila kuweka za kwao hayana la kujitetea. Ukisema malezi ya watumishi ni kazi ya kanisa, basi yafanye.

Yafanyeje? Hapa kuna onyo kutoka kwa mtu aliyesoma kuliko wengi wetu. John Mbiti, Mkamba aliyepata udaktari wa Cambridge na kufundisha Makerere, aliwahi kuandika kisa cha kubuni cha mwanatheolojia anayerudi kijijini kutoka Ulaya na shahada zake, mizigo yake ikiwa imejaa vitabu. Kijiji kinafanya karamu. Katikati ya shangwe dada yake anaanguka, watu wanasema amepagawa, na wote wanamgeukia msomi wao. Anakimbilia kitabu cha mwanatheolojia Mjerumani Rudolf Bultmann, na anachokuta humo ni kwamba mambo ya pepo yamekwisha kufafanuliwa yakaondolewa maana. Mbiti hakukusudia kuwaambia Waafrika waache kusoma. Yeye mwenyewe alisoma Kigiriki hata akatafsiri Agano Jipya zima kwa Kikamba kutoka lugha hiyo, kazi iliyotoka mwaka 2014. Alichokataa ni elimu inayojibu maswali ya Marburg, alikofundisha Bultmann, na kukaa kimya mbele ya maswali ya Mulango, kwao Mbiti. Mwanafunzi wa theolojia anayejali watu wake atabeba vyote viwili: Kigiriki, ili asitegemee kusikia kwa watu, na swali la dada aliyeanguka, ili Kigiriki kisibaki pambo. Huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, kuna mafunzo ya uchungaji yanayofanyika wodini, mwanafunzi akikaa na wagonjwa kisha akirudi kuchambua na wenzake aliyoyasema na aliyoshindwa kuyasema. Ningependa pasiwe na mchungaji anayebarikiwa bila kupitia kitu cha namna hiyo, kwa sababu kosa linalosahihishwa mbele ya mwalimu ni kosa ambalo mjane fulani hatalipata.

Wengine watasema kwamba moto wa kiroho huzimika chuoni, na watataja Mukono, Uganda, ambako mwaka 1941 wanafunzi 26 wa Chuo cha Askofu Tucker walifukuzwa kwa ajili ya msimamo wao wa uamsho. Kesi hiyo inanihuzunisha kwa pande zote mbili. Chuo kilishindwa kutambua kwamba waliokuwa wakiungama dhambi alfajiri walikuwa na kitu ambacho ratiba haikuwa nacho. Na vijana, baadhi yao, walimhesabu karibu kila asiyeungama kwa namna yao kuwa amepotea. Uamsho uliendelea bila chuo na kuleta upatanisho mkubwa kote Afrika Mashariki. Lakini wana uamsho wenyewe walijua hatari ya bidii isiyopimwa, ndiyo maana vikundi vyao vya ushirika vilikuwa vikali katika kukosoana. Huko kukosoana ni mafunzo pia. Mtu aliyezoea kuambiwa na ndugu zake kwamba amekosea tayari ameanza somo ambalo wenye shahada wengi hawakulifikia.

Linabaki suala la gharama, na kwa maoni yangu ndilo linalofichua tunayempenda kwa kweli. Mwaka 1963 seminari ya Wapresbiteri nchini Guatemala iliona kwamba viongozi halisi wa makanisa ya vijijini walikuwa watu wazima wenye familia na mashamba, wasioweza kuhamia bwenini, ilhali vijana walioweza kuhamia wengi hawakurudi kuchunga. Ikapeleka masomo kwa wale watu wazima: vitabu vya kujisomea, na mwalimu anayewazungukia. Njia hiyo, iitwayo theolojia kwa enezi, ikasambaa hadi kwetu, na mpaka leo ni njia nyonge kwa hadhi ingawa ina nguvu kwa matunda. Wanawake nao wameilipa gharama hii. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) lilianza kuwabariki wanawake kuwa wachungaji mwaka 1991, na walikuwepo waliokuwa wamesoma theolojia kabla ya hapo, wakati masomo hayo hayakuwaahidi mimbari wala kola. Ukitaka kuona mtu anayesoma kwa ajili ya wengine, waangalie hao.

Kisha angalia usharika wa kawaida wa Kilutheri au parokia ya kawaida ya Kikatoliki. Mchungaji mmoja ana mitaa mitano, sita, au zaidi. Padri mmoja ana vigango asivyovifikia kila mwezi. Anayemtembelea mgonjwa usiku, anayeongoza maziko kabla mchungaji hajapata usafiri, anayejibu swali la kwanza la mfiwa, ni mwinjilisti au katekista. Huyo ndiye aliye karibu zaidi na msikilizaji, na ndiye aliyesoma muda mfupi kuliko wote, kwa vitabu vichache kuliko vyote, vingi vikiwa vimeandikwa kwa lugha asiyoimudu. Ikiwa hoja yangu ni ya kweli, basi mpangilio wa fedha zetu za masomo umesimama kichwa chini. Kabla dayosisi haijatafuta ufadhili wa shahada ya uzamivu ng'ambo, inapaswa kuuliza mwinjilisti wa mtaa wake wa mbali ana kamusi ya Biblia ya Kiswahili au hana, na alikaa mara ya mwisho lini na mtu wa kumsahihisha. Na mtu anayejiandaa kujaza fomu ya chuo, akiulizwa kwa nini anataka kusoma, ataje watu.